Majibu kwa wasomaji: kuipiga na kuiimba "Haruka Kanata"

Bendi yetu inataka kuipiga "Haruka Kanata" ya kwenye katuni ya Kijapani Naruto. Tuliyoipakua ina kama dakika nne, ya kwenye katuni ni fupi. Tufuate ipi? (Msomaji, Morogoro)

Jifunzeni ile ndefu, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Asian Kung-Fu Generation, bendi iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu mjini Yokohama mwaka 1996, iliitoa Novemba 2002 kwenye albamu fupi Hōkai Amplify. Naruto iliichukua Aprili 2003, kuanzia kipindi cha 26, ikawa wimbo wake wa pili wa kufungulia. Katuni za Japani huupa wimbo wa aina hiyo sekunde 90 hivi, kwa hiyo hukatwa ubaki utangulizi, ubeti, kiitikio na mwisho.

Bendi nyingi zikijikatia wimbo huharibu mwisho: wengine wameshanyamaza, mmoja bado anaendelea. Mkiamua kuishia baada ya kiitikio, kubalianeni mfunge kwenye pigo la kwanza la mstari unaofuata. Mpiga ngoma agonge tasa (sahani ya shaba) mara moja na kuishika kwa mkono, nanyi wa magitaa mlaze viganja juu ya nyuzi papo hapo.

Sehemu ya mwanzo ya gitaa la besi inanishinda. Nikiongeza kasi sauti zinachanganyika. (Msomaji, Mombasa)

Anza na mapigo 120 kwa dakika. Ukiipiga safi mara nne mfululizo, panda kwa mapigo matano. Ukikosea, rudi matano. Tumia piki (kijipande cha plastiki cha kuchezea nyuzi), uishike ichomoze milimita tatu hivi tu, na uipeleke chini na juu kwa kupokezana. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono. Ukiona kiwiko kinacheza, mkono utachoka kabla ya ubeti.

Mara nyingi sauti huchanganyika kwa sababu ya mkono wa kushoto: kidole hakijaachia noti ya kwanza na ya pili imeshalia. Kosa jingine liko kwenye amplifaya. Ukijaza sauti nzito, noti za haraka huwa ngurumo tupu. Punguza nzito, pandisha ya kati, sogeza piki karibu na daraja la gitaa (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wake). Na hesabu kwa mguu, maana hapo mwanzo besi iko peke yake na wenzako watakufuata wewe.

Wapiga gitaa nao wazizoee oktavu (noti ileile ikipigwa juu na chini kwa pamoja), ambazo bendi hii inazipenda mno. Kwa mfano, kidole cha shahada kwenye uzi wa tano, freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya 5, na cha pete kwenye uzi wa tatu, freti ya 7. Ncha ya kidole cha shahada iuguse uzi wa sita usilie, na tumbo lake lilale juu ya uzi wa nne, wa pili na wa kwanza. Hapo unaweza kucharaza nyuzi zote kwa nguvu, zikalia mbili tu.

Naimba maneno yote, lakini nafika mwisho wa kiitikio kabla ya bendi. (Msomaji, Zanzibar)

Unameza vituo. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, hazitakusumbua. Tatizo ni konsonanti pacha, na wimbo huu umezijaza: sotto, gyutto, kitto, motto. "Kitto" ina mapigo matatu: ki, kimya, to. Ukiimba "kito" umepoteza pigo moja, na ukifanya hivyo mara nne umeshawaacha wenzako nyuma. Irabu ndefu nayo ihesabiwe mara mbili: "tooku" ni to-o-ku, kama tunavyovuta mwisho wa "kondoo". Mazoea ya Kiswahili ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho uyaache kabisa. Kila pigo lipewe uzito ambao muziki umelipa.

Piga makofi huku ukisema maneno bila sauti ya wimbo, kofi moja kwa kila pigo, na kwenye kimya piga kofi mdomo ukiwa umefungwa. Makofi yakikaa sawa, ndipo urudishe sauti.