Pima mwanya wa ringi kabla ya kufunga pistoni

Mdogo wangu, ukianza kazi gereji za Kirinyaga Road, Nairobi, huenda kwanza ukapewa brashi na karai la mafuta taa uoshe pistoni. Usiidharau kazi hiyo. Igeuzegeuze mkononi, pitisha kucha kwenye mifereji mitatu karibu na kichwa chake. Hapo ndipo hukaa ringi, zile pete za chuma zilizokatwa sehemu moja.

Kuvuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa moshi: hizo safari nne za pistoni, krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) ikizunguka mara mbili, utazishika haraka. Mimi kilichonichelewesha ni ringi. Nilidhani zinaziba silinda kwa mkazo wa chuma chake tu. Kumbe petroli ikiwaka, gesi hupenya hadi nyuma ya ringi, ndani ya mfereji, ikaisukuma ibane ukuta wa silinda. Moto unaotaka kutoroka ndio huo huo unaofunga mlango! Ringi mbili za juu hufanya kazi hiyo. Ya tatu hukwangua oili irudi chini. Zikichakaa, utaona moshi wa buluu.

Mwaka wangu wa pili nilifunga ringi mpya kwenye pikapu bila kupima mwanya kati ya ncha zake. Nilitegemea saizi iliyoandikwa kwenye boksi. Asubuhi injini ilinguruma vizuri. Kwenye mwinuko wa kwenda Limuru ikapata joto, ringi zikatanuka, ncha zikagongana. Tulipoifungua, silinda ya tatu ilikuwa na michirizi mirefu, kama imekwaruzwa na msumari. Mwenyewe alikuwa akibebea watu mboga hadi soko la Marikiti, na wiki nzima hakupata kitu. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo tia ringi peke yake ndani ya silinda, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Silinda ya milimita 75 mara nyingi hutaka karibu milimita 0.3, ila fuata kitabu cha injini hiyo. Mwanya ukiwa mdogo, piga ncha tupa kidogo kidogo, upime tena. Wakati wa kufunga, alama ya ringi itazame juu, na mianya isikae mstari mmoja.

Ringi uliyopimia silinda ya kwanza ibaki ya silinda ya kwanza. Mimi huzifunga kwenye gazeti, kila moja na namba yake.