Nilifika mlangoni kujitangaza mufilisi, nikaulizwa kuhusu wadhamini

Ndugu, umeandika kwamba madeni yamefika milioni 1.1, pesilipu imebaki theluthi, apu saba za mikopo zinakupigia simu tangu alfajiri, na rafiki amekushauri uende mahakamani utangazwe mufilisi uanze upya. Unauliza mawili: kama jambo hilo lipo Kenya, na kama unaweza kufungwa. Lipo. Kufungwa nitakufikia. Kuna la tatu ambalo hukuuliza, na ndilo lililonirudisha mimi nikiwa nimeshafika mlangoni.

Mimi nilikuwa na 1,295,000. Hesabu hiyo naikumbuka hadi leo kwa sababu niliiandika nyuma ya kalenda usiku mmoja stima ikiwa imepotea, nikimulika kwa simu. Benki 610,000. Sacco 380,000. Shailoki, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, 120,000. Apu tisa, 97,000 kwa jumla. Chama cha watu wa kwetu 60,000. Kodi ya miezi miwili 28,000. Nilikuwa karani wa stoo huko Industrial Area, mshahara 62,000 kabla ya makato, na mkononi zilinifikia elfu ishirini na kitu. Zisingenifikia hata hizo kama sheria ya ajira isingemkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili.

Si pombe, si kamari. Pesa za Sacco nilimpa mke wangu aongeze belo za nguo za watoto soko la Gikomba. Gikomba ikaungua, kama ilivyo kawaida yake. Nikachukua mkopo wa benki ili kibanda kisimame tena na Sacco iendelee kulipwa. Biashara ilipochelewa kuamka, nikaanza kuziba pengo kwa apu. Apu ya pili ikalipa ya kwanza, ya tano ikalipa ya tatu, na zote zilipokauka nikaenda kwa shailoki. Kwake nilitoka na 50,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, riba juu ya riba. Nusu mwaka haukuisha ikawa ile 120,000. Alibaki na kadi yangu ya ATM pamoja na karatasi niliyosaini inayosema nimemuuzia friji na televisheni.

Nyumbani hakuna aliyejua. Mke wangu alijua kuhusu Sacco na benki tu. Namba za wadai nilizihifadhi kwa jina la "Usishike 1", "Usishike 2", nikafika "Usishike 43". Mwanangu aliwahi kuniuliza huyu Usishike ni nani mbona anakupenda hivi.

Kosa langu kubwa nililiona baadaye. Nilikuwa namlipa anayepiga kelele. Apu ikinitumia ujumbe wa vitisho saa moja asubuhi, saa mbili nimeshaitumia 1,500. Sacco yenyewe ilikuwa ikituma barua za adabu, "mwanachama mpendwa", kwa hiyo ikasubiri. Mwezi wa nne bila kulipa, bado inaniita mpendwa.

Wakati huo ndipo nikasikia kuhusu kufilisika, nikaona nimepata mlango wa dharura. Nikaomba ruhusa ya nusu siku kazini, nikaenda mjini kuuliza kwa Mpokeaji Rasmi, yule afisa wa serikali anayesimamia mali za waliofilisika. Baadaye nikakaa pia na wakili mmoja, jamaa ya jirani, ambaye hakunilipisha. Waliyonieleza ni haya, kwa ufupi.

Sheria yenyewe ni ya Ufilisi ya mwaka 2015. Mtu binafsi anaweza kwenda mwenyewe Mahakama Kuu kuomba atangazwe mufilisi, si lazima asubiri kushtakiwa. Unaandika taarifa ya mali na madeni yako yote, hata zile 2,000 za mama mboga. Mali yako inaingia mikononi mwa mdhamana, yaani msimamizi wa mali, anayeiuza na kuwagawia wadai, isipokuwa vitu vya lazima vya nyumbani na vifaa vya kazi. Jina lako linatangazwa hadharani, na linakaa kwenye rejista ambayo yeyote anaweza kuitazama. Kwa kawaida unaachiliwa baada ya miaka 3 tangu uwasilishe ile taarifa, na madeni mengi yanakufa. Matunzo ya mtoto yaliyoamriwa na mahakama hayafi. Deni ulilolipata kwa ulaghai halifi. Kabla hujaachiliwa huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni, huwezi kutoka nchini bila ruhusa, na Katiba haikuruhusu kugombea ubunge wala uwakilishi wadi. Hilo la mwisho halikuniumiza.

Kuna mlango mdogo zaidi ambao watu wengi hawaujui, utaratibu wa wasio na mali. Ni kwa mtu mwenye madeni ya kati ya 100,000 na milioni 4, ambaye hana chochote cha kuuzwa na hajawahi kuutumia wala kutangazwa mufilisi. Unaomba kwa Mpokeaji Rasmi, na ukikubaliwa, baada ya miezi 12 madeni yaliyoingizwa humo yanafutwa. Kwa hesabu zako huu ungekufaa, kama kweli huna mali. Mimi nilikuwa na ploti ya hamsini kwa mia Joska, nilinunua kidogo kidogo tangu sijaoa. Rafiki mmoja akaniambia niiandike kwa jina la ndugu yangu kwanza, halafu niende kuapa kwamba sina kitu. Tafadhali usithubutu. Kuficha mali ndicho kitu cha kwanza wanachokitafuta, na uhamisho wa aina hiyo unaweza kubatilishwa. Halafu hapo huitwi tena mdaiwa, unaitwa mwizi.

Nilikuwa tayari kuiacha ploti iende. Nilitaka tu simu inyamaze. Ndipo yule wakili akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa ngapi, "Sacco ulidhaminiwa na nani?"

Nilidhaminiwa na wawili. Mmoja ni binamu yangu. Mwingine ni mzee tuliyefanya naye kazi stoo, aliyekuwa amebakiza miezi kumi na minane astaafu. Akiba yake yote ilikuwa kwenye Sacco hiyo hiyo.

Wakili akanieleza polepole: kufilisika kunakuachilia wewe. Mdhamini wako hakumwachilii. Siku nitakayotangazwa, Sacco haitanisumbua tena, itafungua faili na kukata akiba ya yule mzee. Niliondoka pale nikatembea kwa miguu hadi Muthurwa, sikuona hata matatu.

Kesho yake nikamwambia mke wangu yote, apu moja moja, na shailoki. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alichukua ile kalenda akaanza kupanga upya, akaweka Sacco juu na apu chini kabisa. Jioni ile nikamtafuta mzee nikamweleza. Yeye alikasirika sana, na alikuwa na haki. Wiki mbili hatukusalimiana stoo. Lakini ndiye aliyekuja kuniambia kuna mtu wa kanisani kwao anatafuta ploti upande wa Kangundo Road.

Iliuzwa 430,000. Madalali walikuwa wameniambia ina thamani ya zaidi, lakini mnunuzi akijua una haraka ndiye anayetaja bei. Sacco wakakata kwanza akiba yangu mwenyewe, 110,000, nikamalizia 270,000, wadhamini wakawa huru. Mwenye nyumba akapata 28,000 zake. Kwa shailoki nilienda na shemeji yangu aliye askari kanzu, akae tu, asiseme kitu. Nikaweka 80,000 mezani, nikataka kadi yangu, ile karatasi, na maandishi kwamba tumemalizana. Alinung'unika, akahesabu, akasaini. Chama wakapokea 30,000 na ahadi ya 5,000 kila mwezi. Zilizobaki, 22,000, zikaenda kwa karo.

Benki walikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Niliandika barua, nikapeleka pesilipu, nikaomba muda urefushwe. Waliongeza miaka miwili, makato yakapungua, ingawa riba ya jumla nitalipa zaidi. Kama mkopo wako wa benki umeshaharibika, ujue kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba kupita kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki mkopo ulipoacha kulipwa. Ukiona namba iliyovuka hapo, omba taarifa ya akaunti uwaulize.

Sasa apu. Moja ilimpigia mama mkwe wangu ikamwambia mimi ni tapeli. Nyingine ikampigia meneja wangu. Tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, mkopeshaji wa kidijitali anatakiwa awe na leseni, na hatakiwi kukutisha, kukutukana wala kuwapigia watu walio kwenye simu yako. Nilipiga picha kila ujumbe, nikamwambia mama mkwe aandike tarehe na namba (aliandika hadi hali ya hewa), nikapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Simu zikapungua mara moja, na wenye apu hizo wakaniandikia wakitaka tuelewane. Nilizilipa zote tisa, kuanzia ndogo, kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Tatu zilikubali msingi tu zikaacha faini. Kila mara nilitaka makubaliano kwa maandishi kabla ya kutuma hata shilingi. CRB, wale wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo, nilikuwa nimeorodheshwa, na nakwambia kweli, kutokopesheka kulinisaidia.

Kuhusu kufungwa. Apu haikufungi kwa ujumbe wa simu, hata iandike "polisi wako njiani". Jela ya madai ipo, hadi miezi 6, lakini kwanza ushtakiwe, hukumu itoke, kisha uitwe ueleze kwa nini hujalipa. Mahakama inatakiwa iridhike kwamba unaweza kulipa na unakataa, au unaficha mali. Ukiwa huna, peleka pesilipu, peleka risiti za kodi, omba kulipa kwa awamu. Wanaoumia ni wale wanaopokea karatasi ya mahakama wakaificha chini ya godoro.

Na madalali wa mnada nao wana utaratibu. Wanaandika vitu vyako kwanza, wanakupa siku 7 kabla ya kubeba. Matandiko, sufuria na vifaa vya kazi havibebwi. Anayekuja na pikapu jioni bila karatasi yoyote, ametumwa na shailoki, huyo piga kelele majirani watoke.

Kwa hiyo sikukatazi. Ungekuwa huna mali, huna mdhamini, na wadai wako ni benki na apu peke yake, ningekwambia uende kwa Mpokeaji Rasmi Jumatatu, tena bila aibu. Miezi 12 ni mifupi kuliko miaka ya kukimbia simu.

Lakini umetaja Sacco mara mbili kwenye maelezo yako na hukusema nani alisaini. Ni wangapi, wana akiba ya kiasi gani humo, na je, wanajua kwamba umeacha kulipa? Jibu hayo kwanza, halafu tuendelee.