Leza, unywele mmoja, kisha ndiyo uje kwenye elektroni

Kabla hujajisumbua na swali la elektroni ni wimbi au ni chembe, tafuta tochi ya leza nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, isiyozidi miliwati 1. Jicho lisikae usawa wa mwale, hata ule unaorudi kutoka kwenye kioo.

Nyoosha unywele mmoja, ubandike wima kwa seloteipu katikati ya mdomo wa leza. Ilaze juu ya meza, swichi uibane kwa kibanio cha nguo, maana kidole kikitetemeka na picha hutetemeka. Zima taa, elekeza ukuta ulio mita 2. Utaona mstari mlalo wa mwanga uliokatwakatwa na giza, na mikato hiyo ndiyo alama ya wimbi. Ruka doa pana la katikati, pima nafasi kumi za giza, gawa kwa kumi. Ukipata milimita 18.5, piga hesabu ya urefu wa wimbi × umbali wa ukuta ÷ nafasi, vyote kwa milimita: 0.00065 × 2000 ÷ 18.5, yaani unywele una unene wa milimita 0.07. Umepima unywele kwa rula!

Ukiona doa tupu, unywele umeukwepa mwale. Mistari ikiinama, unywele ndio uliopinda. Wanaochana nyufa mbili kwenye foili badala ya kutumia unywele huziachanisha mno: zikiachana milimita 0.2, mistari hupishana kwa milimita 6.5, zikiachana milimita 2 inasongamana hadi jicho linashindwa.

Elektroni hufuata hesabu hiyohiyo. Ikisukumwa na volti 54, urefu wa wimbi lake ni nanomita 0.167, mfupi karibu mara 3,900 kuliko wa leza yako. Wembe hauchani nyufa za kiasi hicho, ndiyo maana wanafizikia Davisson na Germer, mwaka 1927, walitumia fuwele ya nikeli, safu za atomi zikawa ndizo nyufa.

Mwaka 1989 mwanafizikia Tonomura na wenzake huko Japani walipitisha elektroni moja moja kwenye kifaa chenye njia mbili. Kila moja ilitua kama nukta, mahali pamoja tu. Nukta za mwanzo zilitapakaa ovyo kama manyunyu juu ya vumbi. Zilipofika maelfu, mistari ikajitokeza. Kwa hiyo usiseme elektroni zinagongana ndipo mistari itokee. Kila moja ilisafiri peke yake.

Husemwa pia kuwa ukiangalia elektroni inapita ufa upi, mistari hutoweka; neno "kuangalia" hapo hupotosha wengi. Jicho halihitajiki: fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, ikiigonga elektroni kwenye ufa na kuondoka na habari ya njia iliyopita, mistari hufutika hata kama maabara haina mtu.