Kwa Mwalimu Mpya wa Watoto Wenye Mahitaji Maalumu: Anza na Daftari

Mwalimu anayeingia kwa mara ya kwanza katika darasa la awali lenye watoto wenye mahitaji maalumu huanza kwa kuhesabu vifaa asivyonavyo, na ni haki yake kuvidai. Hata hivyo, usiahirishe kufundisha kwa kuvisubiri, kwani sehemu kubwa ya kazi hii ni kumsoma mtoto na kulipanga darasa.

Tenga kurasa za daftari kwa kila mtoto. Anapolia, anapopiga wenzake au anapojificha chini ya meza, andika kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata. Baada ya muda utagundua kwamba huyu huchafukwa anapohamishwa ghafla kutoka shughuli moja hadi nyingine, na yule hutupa vitu kila anapopewa kazi inayomshinda. Na kwa kuwa akitupa huondolewa mezani, amejifunza kwamba kutupa kunamwokoa. Adhabu haitamsaidia yeyote kati yao. Wa kwanza, hasa ikiwa ana usonji (hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano na wengine), atafaidika na ratiba ya picha, nayo michoro yako mwenyewe kwenye vipande vya boksi inatosha, mradi ageuze picha kwa mkono wake kila shughuli inapokwisha. Wa pili anahitaji kazi nyepesi zaidi pamoja na ishara ya kuomba msaada.

Ugawaji wa kazi katika hatua ndogo ndipo wengi tunapokosa subira. Ukimfundisha mtoto kuvaa soksi, ivute wewe mpaka ipite kisigino, kisha umwachie aimalizie. Akiweza, iachie kisiginoni, na siku nyingine kwenye vidole. Kwa kuanzia mwishoni, kila jaribio linaishia kwa mtoto kufaulu. Ukimuuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kulirudia, kwa maana wengine huhitaji muda mrefu kulichakata, na kulirudia haraka ni kuwaanzishia upya.

Mpangilio wa darasa nao ni somo. Usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo mbele ya mtoto asiyesikia vizuri, kwani uso wako utakuwa gizani naye anautegemea. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (tatizo la ubongo linaloathiri misuli na mwendo) ambaye miguu yake inaning'inia akikaa kitini hawezi kutumia mikono vizuri. Mwekee boksi imara chini ya nyayo, na uviringishe kitambaa kwenye mpini wa kijiko au penseli ili apate kuvishika. Vizibo vya chupa ni zana nzuri ya kuhesabia, lakini si kwa mtoto ambaye bado hutia kila kitu mdomoni.

Kubaini ugonjwa si kazi yetu. Unayemwona mkaidi huenda hasikii, kwa hiyo washauri wazazi wampeleke akapimwe masikio na macho kabla hujampa jina lolote, na uwapelekee daftari lako badala ya malalamiko.

Mwisho, jua mapema nani ana kifafa. Akianguka, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni wala usimbane, na uangalie saa: degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Kila mtu mzima anayeingia darasani, hata wa kujitolea, aelezwe utaratibu huo siku yake ya kwanza.