Maiki Nne na Uzi wa Nyavu: Kurekodi Dramu Sebuleni

Studio nyingi za nyumbani hapa Mtwara na Lindi zimepangwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja na biti ya kompyuta. Siku kwaya au bendi ikitaka dramu halisi, fundi anaazima maiki za kanisani, anazitega nane, na kinachotoka ni kiki (ngoma kubwa ya mguu) isiyo na tumbo na sneya (ngoma yenye nyaya chini yake) inayolia kama kopo tupu la rangi. Lawama zinaangukia maiki. Mara nyingi maiki hazina kosa. Kosa ni umbali kati yake na ngoma, na huo unapimwa kwa kipande cha uzi.

Maiki nne zinatosha: moja ya kiki, moja ya sneya, mbili za juu. Saundi kadi (kifaa cha kuingiza maiki kwenye kompyuta) yenye njia nne za maiki, mfano Behringer UMC404HD, inamaliza kazi. Sneya iwekee Shure SM57 au dainamiki (maiki isiyohitaji umeme) yoyote ya aina hiyo. Kiki inataka maiki ya besi kama AKG D112. Za juu ziwe kondensa mbili zinazofanana, na usisahau kuwasha umeme wa volti 48 kwenye saundi kadi, maana bila huo kondensa hazitoi kitu.

Kabla ya kutega, angalia chumba. Nyumba zetu ni tofali za saruji, sakafu ya saruji au marumaru, juu bati. Simama katikati upige kofi moja: ukisikia mlio wa haraka unaotetema kama chemchemi, kuta mbili zinarudishiana sauti, na matoazi yatakuwa makali hadi kuumiza. Trei za mayai ukutani hazitakusaidia. Zinapunguza kidogo sauti za juu tu, ila besi inapita kama hazipo. Kinachofanya kazi ni unene. Magodoro mawili ya sponji yasimamishwe, moja nyuma ya mpiga dramu na jingine ubavuni. Kwenye kona weka magunia matupu ya korosho uliyoyajaza sufi, unene wake ufike angalau sentimita 15. Sufi inanyonya sauti vizuri na huku kwetu inapatikana, lakini inashika moto upesi, kwa hiyo iwe mbali na soketi na nyaya zinazopata joto. Chini tandika zulia au mablanketi. Mkeka peke yake ni mwembamba mno, labda wa kuzuia dramu isiteleze.

Usiweke dramu katikati kabisa ya chumba. Chumba cha urefu wa mita 3 kina wimbi lake la kwanza karibu na 58 Hz, na katikati ndipo wimbi hilo linapokufa. Kiki nyingi zina uzito wao hapohapo. Isogeze hadi theluthi moja kutoka ukutani, sikiliza, sogeza tena kidogo. Hatua moja inaweza kurudisha besi ambayo ungehangaika nayo usiku kucha kwenye ikwalaiza.

Halafu ngozi. Wapiga sindimba wanapasha ngoma zao moto kwa sababu ngozi ya mnyama hulegea kwa unyevu. Ngozi za dramu ni plastiki, hazihitaji moto, zinahitaji ufunguo. Legeza parafujo zote, futa ukingo, zikaze kwa vidole, kisha nusu mzunguko kila moja kwa kukingamana: ukitoka hii, nenda ya ng'ambo, usifuate duara. Gonga taratibu sentimita 3 kutoka kila parafujo. Sauti zilingane kote. Moja ikiwa chini, tomu (zile ngoma za kati) itatoa ule mwungurumo unaoyumba, na hakuna programu inayouondoa. Ngozi ya chini ya tomu iwe imekazwa zaidi kidogo kuliko ya juu. Ndani ya kiki tia mto mmoja unaogusa ngozi zote mbili kidogo tu. Ukijaza mablanketi matatu utabaki na mlio wa kugonga boksi. Sneya ikivuma sana, bandika plasta ndogo iliyokunjwa pembeni ya ngozi. Nyaya za sneya zikitetemeka tomu inapopigwa, usizibane hadi zikose pumzi. Kaza au legeza kidogo ngozi ya tomu hiyo, mtetemo utapungua.

Sasa uzi. Tafuta uzi wa kushonea nyavu, ule wa kusokotwa, si mshipi wa nailoni unaonyumbuka. Mpiga dramu akae mahali pake. Maiki ya kwanza iwe juu ya sneya, ikitazama chini, umbali wa vijiti viwili vya dramu, yaani kama sentimita 80. Bandika ncha moja ya uzi katikati ya sneya, na nyingine pale nyundo ya pedali inapogusa ngozi ya kiki. Vuta uzi juu hadi kwenye kichwa cha maiki, pande zote mbili zikaze, kisha bana kwa vidole pale pale unapogusa maiki. Usiachie. Hamisha vidole hivyo hadi juu ya bega la kulia la mpigaji, ukitafuta mahali ambapo pande zote mbili zinakaza tena. Hapo ndipo penye maiki ya pili, ikitazama sneya. Bandua uzi, kaza stendi, weka alama ya plasta sakafuni kwenye kila mguu, maana mtu akipita na kuligusa stendi utaanza upya.

Kwa nini usumbufu wote huo? Kwenye joto la nyuzi 30 sauti inakwenda takriban sentimita 35 kwa kila milisekunde moja. Maiki moja ikiwa sentimita 80 kutoka sneya na nyingine 95, pigo linafika kwa nyakati mbili. Ukizichanganya, maiki moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na karibu na 1,160 Hz zinafutana. Sneya inakonda. Kwenye hedifoni hutagundua upesi, lakini watu wengi watausikiliza wimbo kwenye simu au spika moja ya bodaboda, ambako kushoto na kulia ni kitu kimoja. Hapo ndipo dramu inapopotea na unaanza kuulizwa maswali.

Hakikisha kwa macho pia. Rekodi mapigo manne ya sneya peke yake, kuza mawimbi ya maiki mbili za juu, uone kama yanaanzia mstari mmoja. Ukirekodi kwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, tofauti ya sampuli 10 ni kama sentimita 7, na hiyo inarekebishwa kwa kusogeza stendi, si kompyuta. Kisha fungua kiki pamoja na za juu, bonyeza kitufe cha kugeuza fezi (kinachopindua wimbi juu chini) kwenye chaneli ya kiki, sikiliza. Upande wenye besi nyingi ndio sahihi. Fanya vivyo hivyo kwa sneya.

Maiki ya sneya iwe sentimita 3 hadi 5 juu ya ukingo, ikitazama katikati ya ngozi, mgongo wake ukielekea haihati (matoazi mawili ya pedali). Maiki ya kadioidi, kama SM57, haisikii vizuri kwa nyuma, kwa hiyo huo mgongo ndio ukuta wako wa bure. Ya kiki iingize kidogo kwenye tundu la ngozi ya mbele, lakini ipinde pembeni. Ikikaa mkabala na tundu, upepo unaotoka utaleta mfoko kila pigo.

Kiwango cha sauti kina mtego mmoja: kwenye kupima, kila mpiga dramu ni mpole. Mwambie apige kiitikio kile cha kelele kuliko vyote, weka kilele kati ya -12 na -8 dB kwenye mita ya programu, rekodi kwa ubora wa 24-bit. Sauti iliyopasuka haishoneki. Faili hazitishi: njia nne kwa 48 kHz ni kama megabaiti 35 kwa dakika.

Kwa kliki (mlio wa kuhesabia mapigo) tumia hedifoni zilizofungwa, zisizovujisha sauti. Wimbo ukiishia na toazi linalofifia, zima kliki kwenye mapigo ya mwisho, la sivyo itasikika ndani ya mkia wa toazi.

Mengine ni ya pwani. Feni izimwe, hivyo Novemba na Desemba rekodi alfajiri au usiku wa mapema, kwa vipande vya dakika kumi. Panga ratiba kuzunguka adhana, na masika usianze kazi wingu likiwa limeshika, kwa sababu bati halina huruma. Malori ya korosho yakipita barabarani yanatetemesha sakafu, weka vipande vya kandambili kuukuu chini ya miguu ya stendi. Ukisikia mlio wa umeme, chomoa chaja, endesha laptopu kwa betri. Kondensa ikianza kutoa michakacho, huenda ni unyevu: itunze kwenye kopo lenye mfuniko mkali pamoja na pakiti za silika. Nyaya za sneya na cheni ya pedali zifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya kazi, chumvi ya hewani inazila kimyakimya.