Plagi Ikikatikia Kwenye Injini, Usiguse Ufunguo

Plagi ya gari langu, ile inayotoa cheche ndani ya injini, ilipokatika wakati wa kuifungua, fundi aliyekuwa nami alichomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Namshukuru mpaka leo. Ile kaure nyeupe ya plagi ni ngumu kushinda chuma cha silinda. Kipande kidogo kama punje ya mchele kikidondoka juu ya pistoni, halafu mtu akapiga stata "kujaribu tu", kinaweza kukwaruza ukuta wa silinda au kukwama kwenye vali isifunge tena. Plagi iliyokatika ni shida ya kazi ya siku moja. Silinda iliyokwaruzwa ni kufungua injini nzima.

Baada ya hapo tazama kilichobaki. Yangu ilivunjika kaure ya juu tu, pembe sita za kushika soketi zikawa nzima. Hapo bado una nafasi nzuri, ila usikimbilie kuzungusha. Pulizia shimo kwa upepo wa kompresa mpaka vumbi na vipande vyote vitoke, maana ukishalegeza plagi, kilichokuwa juu kitaingia ndani. Vaa miwani, vipande hivyo huruka. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka plagi, uyaache yafanye kazi saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Injini iwe imepoa, hasa kama silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda, plagi inapofungwa) ni ya alumini, kwa sababu hesi za alumini, yaani ile mikato ya skrubu, zikiwa za moto huchunika upesi. Legeza kidogo, rudisha kidogo, ongeza mafuta, rudia. Ikianza kulia na kuwa nzito, irudishe ndani. Usishindane nayo.

Pembe sita zikikatika zikabaki hesi peke yake ndani, kazi inabadilika. Kaure na sindano ya katikati hutolewa kwanza, kisha hugongwa taratibu kifaa cha kung'olea bolti zilizokatika, na kuzungushwa kinyume cha saa. Kwa maoni yangu hii ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya. Wapo wanaokimbilia kutoboa kwa drili, wakaharibu hesi za hedi na kujaza silinda chenga za chuma. Injini za Ford za V8 lita 5.4 zenye vali 3 kila silinda zinajulikana sana kwa tatizo hili: plagi zake za mwanzo zilikuwa za vipande viwili, na kaboni hushika ile ncha ndefu ya chini ikabaki ndani. Kwa injini hizo kuna vifaa maalumu vya kuitoa.

Ukishatoa kila kitu, panga vipande mezani uone kama plagi imetimia. Kama kuna pengo, kilichopungua kihesabu kiko kwenye silinda. Ingiza kamera ya waya, kisha vuta uchafu kwa mpira mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kufyonzea vumbi. Kisipopatikana, hedi ishuke. Inauma, lakini ni nafuu kuliko kuwasha kwa kubahatisha.

Plagi mpya ianze kuingia kwa vidole, bila spana, mpaka ikae. Ikigoma, toa uanze upya. Plagi ya milimita 14 yenye washa mpya (kile kipete cha chuma cha kuziba) huongezwa kati ya nusu na theluthi mbili ya mzunguko baada ya kukaa; isiyo na washa, yenye kalio la mteremko (sehemu ya kukalia iliyochongoka), hutosha sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko. Plagi nyingi hukatika leo kwa sababu aliyezifunga zamani alikaza kupita kiasi. Na usipake grisi kwenye hesi kama mtengenezaji hajasema, kwa kuwa huifanya spana ya kupima ukazaji idanganye, ukakaza zaidi ya unavyodhani.