Maswali Yenu: Joto la Dunia na Mkono wa Binadamu

Swali: Joto la kaskazi hapa Amu tunalijua tangu enzi za mababu. Hizo gesi joto zinafanya nini ambacho jua halifanyi? (Msomaji, Langoni)

Jibu: Jua ndilo linaloleta joto, gesi hizo hulichelewesha kuondoka. Mwanga wa jua hupenya hewa na kuipasha nchi kavu na bahari, navyo hulitoa joto hilo kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo mvuke wa maji, hewa ukaa (kaboni dioksidi) na methani huinasa na kuirudisha chini sehemu yake. Wanaolala darini wanafahamu kwamba usiku wa mawingu haupoi sana kama usiku wa nyota, kwa kuwa mawingu nayo huzuia joto lisipande. Lau hali hii isingekuwepo, wastani wa joto duniani ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sufuri badala ya nyuzi 15. Kinacholalamikiwa, basi, ni kuzidi kwake.

Swali: Wataalamu wanajuaje kwamba ni binadamu, wala si jua au volkano? (Mwalimu, Malindi)

Jibu: Hili ndilo swali zito, Mwalimu. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa, kama yanavyoonyesha mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika. Mwanasayansi wa Marekani, Charles David Keeling, alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama 315. Leo imepita 420. Makaa ya mawe na mafuta tunayochoma yalitokana na viumbe vya kale, na kaboni yake ina upungufu wa aina nzito iitwayo kaboni-13, kwa sababu mimea hupendelea kaboni nyepesi. Hewa tunayovuta imekuwa ikielekea kwenye upungufu huo huo mwaka baada ya mwaka. Hewa ukaa ya volkano haina alama hiyo, tena haifiki asilimia 1 ya ile itolewayo na binadamu kwa mwaka. Ama jua, lingekuwa ndilo, tabaka la juu la hewa liitwalo stratosfia lingepata joto pamoja na hewa ya huku chini. Kumbe huko juu kunapoa.

Shahidi mwingine yuko hapo hapo Malindi. Matumbawe hukua kwa matabaka ya kila mwaka, na uwiano wa aina za oksijeni ndani yake hutunza habari za joto la maji. Jiwe moja la Malindi, ambalo matokeo ya uchunguzi wake yalichapishwa mwaka 2000, lilitoa kumbukumbu ya miaka 194, ikionyesha kwamba bahari imeongezeka joto kwa kadiri ya nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Jiwe hilo, kusema kweli, halimtaji mkosaji. Kazi hiyo imefanywa na kaboni.

Swali: Mbona hamuulaumu mvuke wa maji, ambao hunasa joto zaidi? (Msomaji, Watamu)

Jibu: Kwa sababu mvuke hufuata joto. Hewa ikiongezeka nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke wenyewe hunyesha mvua baada ya siku chache. Hewa ukaa hudumu karne na karne. Ndiyo inayoanzisha, mvuke unakoleza.

Swali: Sisi wachoma chokaa nasi tumo? (Fundi, Matondoni)

Jibu: Mumo, fundi, lakini kwa kiasi kidogo. Jiwe la matumbawe likiungua katika tanuu huachia hewa ukaa iliyofungika ndani yake, ingawa chokaa ikishapakwa ukutani huinyonya tena sehemu kubwa polepole inapogeuka kuwa jiwe. Viwanda vya saruji huchoma mawe ya jamii hiyo hiyo, navyo huchangia takriban asilimia 7 ya hewa ukaa ya binadamu duniani. Jambo ambalo mimi ningeliangalia zaidi ni kuni zenu. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kaboni nyingi ya msitu huo imo katika tope lisilopata hewa, si katika boriti. Mkoko uliokatwa kwa kiasi huota tena, na hewa ukaa ya kuni ikarudi mtini; tope likifukuliwa, kaboni iliyokusanyika kwa mamia ya miaka hutoka kwa muda mfupi.